Sindano, Chuku na Miraa: Nafasi ya Tiba ya Kichina Katika Kutibu Sonona na Uraibu Garissa na Kaskazini Mashariki ya Kenya

Utangulizi

Wahenga walisema kwamba mficha maradhi kifo humuumbua. Methali hii humlenga mgonjwa anayejua anachougua lakini akanyamaza. Hata hivyo, yapo maradhi ambayo mwenye kuugua hayafichi kwa kusudi. Huishi nayo kwa miaka mingi bila kujua kuwa ni maradhi, na wanaomzunguka huyaita kwa majina mengine. Mtu aliyevunjika mguu mjini Garissa hukimbizwa hospitalini siku hiyo hiyo. Mtu aliyepoteza usingizi, hamu ya chakula na furaha ya kukaa na watoto wake huenda akaambiwa kuwa ni mvivu, kuwa imani yake imepungua, au kuwa amepagawa na jini. Sonona na uraibu ni maradhi ya namna hiyo.

Makala haya yanaeleza tiba moja ambayo kwa muda wa nusu karne imetajwa sana kuhusiana na maradhi hayo mawili, nayo ni tiba ya Kichina, hususan tiba ya sindano ambayo pia huitwa akupancha. Maswali matatu yanashughulikiwa. Kwanza, tiba hiyo inayaelezaje maradhi ya moyo na akili? Pili, utafiti umethibitisha nini kuhusu manufaa yake? Tatu, ina nafasi gani katika kaunti za Garissa, Wajir na Mandera, ambako uraibu mkubwa ni wa miraa na ambako jamii ina tiba zake zenyewe zinazopitia mwilini? Hoja kuu ni kwamba sindano haiwezi kuchukua mahali pa matibabu ya hospitali, lakini jinsi inavyomkaribia mgonjwa ina funzo kubwa kwa wanaotaka kumtibu mtu wa Garissa, na funzo hilo linaanzia katika lugha.

Sonona, Uraibu na Majina Yake

Istilahi sonona, inayotumika zaidi Tanzania, inatokana na hali ya kusononeka. Nchini Kenya baadhi ya waandishi hupendelea unyogovu. Istilahi yoyote itakayotumiwa, ni muhimu kuitenga na huzuni, simanzi au majonzi ya kawaida. Aliyefiwa huhuzunika, na huzuni yake ina sababu na aghalabu hupungua kadiri siku zinavyopita. Sonona kitabibu ni hali inayodumu karibu siku nzima, karibu kila siku, kwa muda usiopungua majuma mawili. Mgonjwa huwa na moyo mzito au hupoteza hamu ya mambo aliyoyapenda. Usingizi na ulaji huvurugika, nguvu humwishia, hujilaumu, na wakati mwingine huwaza kifo.

Neno uraibu nalo lina historia ya kuvutia. Katika matumizi ya zamani ya Kiswahili, uraibu ulikuwa ni kile kitafunwacho kwa burudani, yaani tambuu pamoja na popoo, chokaa na tumbaku. Baadaye maana ilipanuka ikawa hali ya kutawaliwa na kileo au dawa ya kulevya. Hivyo, anayekitaja kitendo cha kutafuna miraa kuwa ni uraibu anairejesha maana ya kale na kutumia maana mpya kwa wakati mmoja.

Wasomali, ambao ndio wengi katika eneo hili, wana msamiati wao. Murug ni huzuni nzito. Niyad jab ni kuvunjika kwa nia, na hapa msomaji wa Kiswahili atalitambua neno niyad, kwa kuwa nia na niyad zote mbili zimetoka katika Kiarabu. Waalli ni wazimu, na neno hili ndilo ambalo watu huliogopa. Katika kambi za wakimbizi za Dadaab, zilizoanzishwa mwaka wa 1991 na 1992, lilienea neno buufis, linalotokana na kitenzi chenye maana ya kupuliza au kujaza hewa. Buufis ni shauku kali ya kwenda kuishi ng'ambo, na pia ni ugonjwa unaompata mtu shauku hiyo inapokataa kutimia. Mwenye buufis mwili wake uko Ifo, Hagadera au Dagahaley, ilhali moyo wake umekwisha kusafiri.

Tofauti baina ya maneno haya si jambo dogo. Tabibu aliyetoka sehemu nyingine ya Kenya aghalabu hukutana na mgonjwa Msomali kwa njia ya Kiswahili. Akimwuliza, "Je, una ugonjwa wa akili?" mgonjwa atasikia waalli, naye atakana. Akimwuliza kama nia yake imevunjika, huenda mazungumzo yakaanza.

Chimbuko la Maumivu

Kaskazini Mashariki ilikaa chini ya sheria za hali ya hatari kwa muda mrefu baada ya uhuru, hadi mwaka wa 1991. Wazee wa Garissa wanakumbuka mauaji ya Bulla Karatasi ya mwaka wa 1980, na wale wa Wajir wanakumbuka Wagalla, Februari 1984. Tarehe 2 Aprili 2015, watu 148, wengi wao wanafunzi, waliuawa katika shambulio la Chuo Kikuu cha Garissa. Fauka ya hayo, ukame wa kati ya mwaka wa 2020 na 2023 uliangamiza mifugo. Mfugaji aliyepoteza ngamia na ng'ombe wake hapotezi mali peke yake. Hupoteza kazi, heshima na mada ya mazungumzo yake.

Ni katika mazingira haya ambapo miraa, ambayo Wasomali huiita qaad au jaad, inatafunwa. Zao hili hulimwa Meru, hasa katika milima ya Nyambene, hufungwa kwa majani ya migomba na kusafirishwa kwa mwendo wa kasi. Sababu ya kasi hiyo ni ya kikemia. Kiini chake kikali, katinoni, kilichotambuliwa mwaka wa 1975, hupungua nguvu kadiri majani yanavyonyauka, na baada ya takriban siku mbili kinachobaki kwa wingi ni katini, ambayo ni hafifu zaidi. Katinoni huuchangamsha ubongo kwa kuongeza dopamini. Mtafunaji huchangamka, huongea sana, hushiba bila kula na kukesha bila kuchoka. Hali hiyo Wasomali huiita mirqaan, na vijana wa mijini nchini Kenya huiita handasi. Ikiisha, hufuata uchovu, hasira, kukosa usingizi na unyonge wa moyo. Mtu aliyekuwa na sonona tangu awali huchukulia unyonge huo kuwa ni sababu ya kutafuna tena. Baadhi ya watafunaji wa kupindukia hufikia hatua ya kusikia sauti na kuwashuku jamaa zao.

Kisheria, miraa ni zao linalotambuliwa nchini Kenya tangu sheria ya mazao iliporekebishwa mwaka wa 2016, ingawa Uingereza iliipiga marufuku mwaka wa 2014. Mjini Garissa, wauzaji wengi ni wanawake wanaosomesha watoto kwa mapato hayo. Kwa hiyo, tatizo haliwezi kutatuliwa kwa kulaani tu.

Jambo moja halina budi kusisitizwa. Miraa hailiwi upweke. Huliwa katika kikao, na kikao hicho huitwa marfish. Pale wanaume husikilizana, hupashana habari za mvua na bei za mifugo, na hukopeshana. Anayeacha miraa huacha pia kikao, na upweke unaofuata ni chakula cha sonona.

Nadharia ya Tiba ya Kichina

Msingi wa tiba ya Kichina umeelezwa katika maandishi ya kale yaitwayo Huangdi Neijing, yaliyokusanywa yapata miaka 2000 iliyopita. Kwa mujibu wa nadharia hiyo, mwilini mna kani ya uhai iitwayo chi, inayopita katika njia maalumu. Afya ni mtiririko wake. Maradhi ni upungufu au kukwama kwake. Sindano nyembamba huchomwa katika vituo vya njia hizo ili kuurekebisha mtiririko. Pamoja na sindano, matabibu wa Kichina hutumia vikombe vinavyovuta ngozi, huchoma mmea wa moksa karibu na ngozi ili kuipasha joto, na huagiza mitishamba.

Kile ambacho tiba ya kisasa inakiita sonona, tiba ya Kichina hukiweka zaidi katika hali ya kukwama. Huzuni na hasira zilizomezwa huikwamisha chi katika ini, na dalili zake ni kubanwa kifua, kushusha pumzi kila mara na kukosa usingizi. Mojawapo ya dawa za mitishamba za hali hiyo, inayojulikana tangu enzi ya Song, huitwa Xiao Yao San, jina lenye maana ya unga wa atembeaye bila mashaka.

Msomaji wa Kiswahili hatashangazwa na ini kutajwa hapa. Kiswahili husema kwamba neno fulani limemkata mtu maini. Kwa Wasomali pia, ini, yaani beer, ni makao ya huruma. Sayansi ya sasa haikubali kwamba sonona ni ugonjwa wa ini, wala haijaiona chi chini ya darubini. Hata hivyo, lugha tatu zilizo mbali kwa nasaba zimekubaliana kwamba maumivu ya nafsi huhisika tumboni na kifuani. Mgonjwa anayekuja hospitalini akilalamikia kifua na tumbo, ilhali vipimo havionyeshi kitu, hasemi uongo.

Sindano na Uraibu: Kutoka Hong Kong Hadi Bronx

Matumizi ya sindano kwa waraibu yalianza kwa sadfa. Mwanzoni mwa miaka ya 1970, Dkt. H. L. Wen, mpasuaji wa ubongo na neva huko Hong Kong, alikuwa akijaribu sindano zilizotiwa umeme ili kupunguza maumivu ya upasuaji. Baadhi ya wagonjwa wake walikuwa waraibu wa afyuni, na walimweleza kuwa arosto yao, yaani mateso ya kukosa dawa, ilikuwa imetulia. Taarifa yake ilichapishwa mwaka wa 1973.

Habari hizo zilifika Hospitali ya Lincoln, mtaani Bronx, New York. Huko, mwaka wa 1970, wanaharakati vijana walikuwa wameilazimisha hospitali kufungua kituo cha kuwahudumia waraibu wa heroini. Katikati ya muongo huo kituo kilianza kutumia sindano bila umeme, na chini ya Dkt. Michael Smith ukawekwa utaratibu wa sindano tano katika kila sikio: vituo vya shenmen, neva za simpathetiki, figo, ini na pafu. Mwaka wa 1985 chama cha NADA kiliundwa ili kuueneza utaratibu huo ulimwenguni.

Utaratibu wenyewe ni sahili. Wagonjwa huketi pamoja chumbani kwa dakika 30 hadi 45, sindano zikiwa masikioni, bila kulazimishwa kuzungumza. Hakuna anayehojiwa wala kukemewa. Kwa ufupi, ni kikao.

Tiba ya Kichina Katika Afrika Mashariki

Tiba ya Kichina si ngeni katika eneo la Waswahili. Madaktari wa serikali ya China walifika Zanzibar katikati ya miaka ya 1960, wakitokea mkoa wa Jiangsu, na Tanzania Bara mwaka wa 1968, wakitokea Shandong. Kazi yao kubwa ilikuwa tiba ya kisasa, lakini baadhi yao walitumia pia sindano. Kuanzia miaka ya 1990, kliniki za binafsi za Kichina zilifunguliwa Dar es Salaam, Mombasa na Nairobi.

Ikumbukwe pia kwamba dawa mseto ya malaria inayotolewa Garissa imetokana na mmea uliotajwa katika vitabu vya kale vya Kichina. Tu Youyou na wenzake waliitoa artemisinini katika mmea huo mwanzoni mwa miaka ya 1970, naye akatunukiwa Tuzo ya Nobel mwaka wa 2015. Funzo la artemisinini ni kwamba dawa ya jadi ilipata heshima baada ya kupimwa na kuthibitishwa, wala si kwa ukongwe wake.

Je, Utafiti Unasemaje?

Kwa kipimo hicho hicho, sindano za uraibu hazijafaulu vizuri. Mwaka wa 2002 yalichapishwa nchini Marekani matokeo ya utafiti uliowahusisha waraibu wa kokeni 620. Baadhi walichomwa sindano katika vituo sahihi vya sikio, wengine katika sehemu zisizo vituo, na wengine walitazama video za kutuliza mawazo. Matumizi ya kokeni yalipungua katika makundi yote, na hakuna kundi lililolishinda jingine. Kuhusu sonona, mapitio ya Cochrane ya mwaka wa 2018 yalichambua tafiti 64 zenye washiriki 7,104. Sindano zilionekana kupunguza dalili kwa kiasi fulani zikilinganishwa na kutopata tiba, lakini ubora wa ushahidi ulikuwa mdogo, na tofauti ilipungua sindano zilipolinganishwa na sindano za kuigiza.

Kwa upande wa miraa, ipo sababu ya ziada ya kujihadhari. Nafuu aliyoiona Dkt. Wen imeelezwa kwa endofini, kemikali za mwili zinazofanya kazi kama afyuni. Miraa haifanyi kazi kwa njia hiyo. Hupitia zaidi katika dopamini, kama ilivyo kokeni. Kwa hiyo, si sahihi kusema kwamba kwa kuwa sindano zilimtuliza mraibu wa afyuni, basi zitamponya mtafunaji wa miraa. Vivyo hivyo, methadoni, inayotolewa kwa waraibu wa heroini Mombasa na Malindi, haimfai mtafunaji wa Garissa. Kinachomfaa ni ushauri nasaha, kupunguza kiasi anachotafuna, kurejesha usingizi, na kutibu sonona iliyo chini ya uraibu. Kwa sonona zipo dawa za bei nafuu kama fluoksetini, na yapo mazungumzo ya kitabibu yaliyothibitishwa.

Tiba za Mwilini Miongoni mwa Wasomali

Pamoja na udhaifu huo wa ushahidi, kuna sababu ya kuizingatia tiba ya sindano. Jamii ya Garissa tayari inatibu moyo kwa kupitia ngozi. Kuumika kwa chuku, ambako Waislamu wengi hukuita hijama na Wasomali toobin, hufanywa kwa maumivu ya kichwa, uchovu na moyo mzito. Kuchoma kwa moto, yaani gubid, ni tiba ya kale ya wafugaji, na husemwa miongoni mwa Wasomali kwamba maradhi na moto havikai mahali pamoja. Hadithi mashuhuri ya Mtume inataja asali, kuumika na kuchoma moto kuwa njia za tiba, huku ikilikataza hilo la tatu. Zaidi ya hayo kuna kisomo cha Kurani kwa mgonjwa, na ngoma ya saar kwa anayedhaniwa kupagawa.

Ukilinganisha, tiba ya Kichina ina vikombe, moto, mitishamba na sindano. Tiba ya Kisomali ina vikombe, moto na mitishamba. Kilicho kigeni ni sindano peke yake. Mambo matatu hufanana katika tiba hizi mbili: mgonjwa haambiwi kuwa ni mwendawazimu, halazimishwi kuisimulia siri yake kwa mgeni, na huguswa na mtu anayeshughulika naye kwa utulivu. Hayo ndiyo ambayo chumba cha daktari chenye foleni ndefu mara nyingi hukosa.

Kwa hiyo, thamani ya utaratibu wa Lincoln kwa mji kama Garissa huenda ikawa katika kiti zaidi ya sindano. Anayeacha marfish anahitaji kikao kingine cha jioni, chenye chai, wenzake na mtu mmoja mwenye ujuzi wa afya. Sindano, chuku au kisomo vinaweza kuwa sababu ya kuja. Ushauri nasaha na dawa ndivyo vitakavyomtibu akishafika.

Tahadhari

Kwanza, kila sindano na kila wembe wa kuumikia utumike kwa mtu mmoja na kutupwa, la sivyo virusi vya UKIMWI na vya homa ya ini vitasambaa. Pili, vidonda vya moto huoza, hasa kwa watoto. Kumchoma anayesononeka ni kumwongezea maradhi. Tatu, baadhi ya mitishamba hudhuru. Nchini Ubelgiji, katika miaka ya 1990, wanawake waliopewa mitishamba ya Kichina yenye asidi ya aristoloki waliharibikiwa na figo. Mgonjwa amweleze daktari kila anachokunywa, na asiache dawa za hospitali kwa sababu ameanza sindano.

Nne, anayewaza kujiua apelekwe hospitalini bila kusubiri tiba nyingine. Zamani jamaa waliogopa kwa kuwa kujaribu kujiua kulikuwa kosa la jinai chini ya kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu. Januari 2025, Mahakama Kuu ilitangaza kwamba kifungu hicho kinakiuka katiba. Habari hiyo inastahili kufika hadi vijijini, tena kwa lugha ambayo wanakijiji wanaielewa. Mwisho, Sheria ya Afya ya mwaka wa 2017 inatambua tiba ya jadi na tiba mbadala na kutaka zisimamiwe. Mwenye kuchoma sindano hana budi kuulizwa amesomea wapi.

Hitimisho

Imebainika kwamba tiba ya sindano haijathibitishwa kuponya uraibu, na kwamba nafuu yake kwa sonona ni ndogo na yenye ushahidi dhaifu. Imebainika pia kwamba imewavuta wagonjwa walioikimbia hospitali kwa sababu iliwapa mahali pa kuketi bila kuaibishwa. Garissa haihitaji kusubiri mtaalamu kutoka Jiangsu ili kulitenda hilo. Inahitaji wauguzi, maimamu na waumikaji wanaoelewana, na inahitaji maneno.

Hapo ndipo wanafunzi na wahadhiri wa Kiswahili wanapohusika moja kwa moja. Mjadala wa istilahi, iwapo isemwe sonona au unyogovu, hautakuwa na maana ikiwa utaishia darasani. Kazi iliyopo ni kuandaa maelezo ya dalili, maswali ya tabibu na vijitabu vya ushauri kwa Kiswahili kinachokaa jirani na Kisomali, ili mfugaji wa Balambala au Modogashe anapoulizwa nini kinamsumbua, apate neno la kujibia. Mficha maradhi kifo humuumbua. Lakini asiyepewa jina la maradhi yake hakuyaficha.